Mgeni anakuja misa mara moja alafu harudi: parokia ifanye nini?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu. Mimi ni sekretere wa baraza la parokia huku Kadutu, Bukavu. Tulinunua mabafle mapya (spika kubwa za sauti), tukafanya wiki nzima ya mahubiri ya nje, watu walijaa kweli, na jumapili iliyofuata tuliona sura mpya nyingi kanisani. Baada ya mwezi mmoja hawapo tena. Vijana wetu nao wanakimbilia makanisa ya uamsho. Kwenye komite wengine wanasema tugonge mlango kwa mlango, wengine wanasema sisi Wakatoliki hatufanyagi ivo. Na wengine wanasema tuuze tu mabafle. Tushike lipi?

JIBU: Milele amina, Mama. Nimefurahi umeuliza ivi, sababu parokia nyingi zinahesabu wale waliokuja tu, wale ambao hawakurudi hakuna anayewaandika popote.

Nikuambie mapema ninavyoona: mahubiri yenu hayana shida. Watu walikuja, maana yake walisikia. Shida ni kwamba walipofika hawakupewa mtu wala nyumba. Mgeni anaweza kuvutwa na mahubiri lakini hakai ju ya mahubiri, anakaa sababu kuna mtu mmoja pale anayejua jina lake, na kuna nyumba moja karibu na kwake ambako kila wiki watu wanamngojea na wakimkosa wanauliza yuko wapi. Mkimnyima hivyo viwili, hata muhubiri kila siku mpaka pasaka ataondoka tu.

Jaribu kumfuata mgeni wenu mmoja toka mwanzo. Tuseme ni mama alikimbia vita kule Kalehe, anakaa kwa shangazi yake huku juu kwenye kilima, chumba kimoja na watoto. Alisikia mahubiri yenu, akaja misa ya pili. Amesimama nyuma karibu na mlango, nyimbo zingine hazijui, matangazo yamechukua nusu saa na karibu yote ni ya pesa, misa imeisha, kila mtu anasalimia watu wake, wamama wa kitambaa kimoja wanasimama na wa kitambaa kimoja. Yeye anaenda sekretaria kuuliza mtoto wake anaweza kubatizwa namna gani. Swali la kwanza anaulizwa: uko wa shirika gani (ile jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa mtaa)? La pili: karte (kadi ya shirika) iko wapi? La tatu: michango ya mwaka umemaliza? Hana shirika, hana karte, na mchango atautoa wapi. Hakuna mtu amemtukana, wote wameongea naye vizuri, ila amerudi nyumbani akijua ile nyumba iko na wenyewe. Jumapili inayofuata jirani anamwalika kanisa la uamsho pale chini kwenye avenyu, wanamuuliza jina, wanachukua namba ya telefone, jumane mtu anamwita kumuuliza homa ya mtoto imeshuka? Sasa wewe Mama niambie, ungerudi wapi?

Sitaki tuwaseme vibaya wale ndugu zetu. Ile telefone ya jumane ni Injili kabisa, na sisi ndio tunapaswa kujiuliza kwa nini haikutoka kwetu.

Papa Fransisko mwaka 2013 aliandika kwamba Kanisa si duane (ofisi ya forodha), ni nyumba ya Baba ambamo kila mtu ana nafasi na maisha yake magumu. Sisi wa Bukavu hatuhitaji kuelezwa duane ni nini, tumepita Ruzizi, pale mpakani na Rwanda, tunajua kusimama na kitambulisho mkononi huku mtu anakuangalia toka juu mpaka chini. Basi angalieni pale sekretaria kwenu kama haifanani na pale. Na isionekane kama ni huruma yangu tu, ni sheria. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 843, zinasema wahudumu hawawezi kumnyima sakramenti mtu anayeiomba kwa wakati unaofaa, aliyejiandaa vizuri, na ambaye sheria haimkatazi. Kanuni ya 848 inaongeza kwamba mhudumu asidai kitu zaidi ya sadaka iliyowekwa na wenye mamlaka, na kila mara aangalie maskini asikose msaada wa sakramenti sababu ya umaskini wake. Kwa mazishi pia kanuni ya 1181 inasema ivo ivo, maskini asinyimwe mazishi ya Kanisa. Kwa hiyo karte ya shirika ni kitu kizuri cha kujuana, inasaidia kujua nani ni nani kwenye mji wenye watu wengi hivi, lakini siku inakuwa kizuizi cha kumzuia mtoto batizo imetoka kwenye kazi yake. Ongeeni na Baba paroko waziwazi juu ya hii. Najua parokia inaishi na michango, umeme wa kulipa upo, paa la kutengeneza lipo, walimu wa dini wanatembea kwa miguu kwenye vilima. Michango iendelee kuombwa, ila asiombwe mtu siku ya kwanza anapofungua mdomo.

Nikuje kwa shirika sasa, sababu hapo ndipo dawa iko na tuko nayo mkononi toka zamani. Maaskofu wetu wa Kongo mwaka 1961, hata Mtaguso wa pili wa Vatikano haujaanza, walichagua kwamba Kanisa letu lijengwe kwa jumuiya ndogo zilizo hai, watu wa mtaa mmoja wanaosoma Neno pamoja na kubebeana mizigo. Lakini shirika nyingi sa hizi zimekuwa mkutano wa matangazo. Nimekaa kwenye mengi, mtu anasoma Injili haraka haraka kwa dakika mbili, alafu saa nzima ni nani hajatoa ya mavuno, nani hajatoa ya siku kuu ya paroko, kitambaa cha sherehe ni bei gani. Mgeni akiletwa pale anaondoka na deni kabla hajapata habari njema.

Shirika ikifanywa vizuri ni kitu kingine kabisa. Nyumba ya mtu, mabenchi mawili yameazimwa kwa jirani, watoto wako mlangoni, jiko la makaa linatoa moshi kidogo nje. Mtu anamwalika Bwana kwa sala yake mwenyewe, si ya kitabu. Injili ya jumapili inayokuja inasomwa polepole. Alafu kila mmoja anachukua neno moja au sentensi moja iliyomgusa na kuitamka kwa sauti mara tatu, bila kueleza chochote, na katikati kunakuwa kimya. Inasomwa tena. Kimya tena, dakika kadhaa, huko ndiko watu wetu wanaona taabu mwanzoni ju hatujazoea kukaa kimya pamoja. Ndipo wanashirikishana: mimi hii neno imenigusa sababu wiki hii mambo yangu yalikuwa ivi na ivi. Hakuna mahubiri, hakuna kumsahihisha mwenzako. Mwisho wanaangalia kazi gani inawangoja kwenye avenyu yao, nani ni mgonjwa, nani amefiwa, alafu wanasali. Ni zile hatua saba za kusoma Injili zilizotoka Lumko, taasisi ya Kanisa Katoliki kule Afrika Kusini, wazee wengi wa shirika wamewahi kufundishwa, zimelala tu kwenye kaye (daftari) zao. Mama aliyekimbia Kalehe anaweza kukaa pale siku ya kwanza kabisa, hata kama hajui kusoma, hata kama Kiswahili chake kimechanganyika na Kihavu au Mashi, sababu kutamka sentensi moja mara tatu kila mtu anaweza. Na akisema "Bwana, usinipite" mara tatu, watu wote kwenye ile nyumba wanamsikia. Pesa wekeni siku nyingine, au mwisho kabisa wakati wageni wamekwisha kuondoka.

Sasa kile kitu cha kumpa mtu. Kanisa lilikwisha kufikiri hiyo vizuri sana kuliko sisi. Ule utaratibu wa kuwaingiza watu wazima katika ukristo, uliotolewa mwaka 1972, unataka kila anayekuja awe na msimamizi toka mwanzo, mtu anayemjua na kutembea naye na kuweza kumshuhudia, si jina la kuandika kwenye kitabu usiku wa pasaka. Kuna kipindi cha kwanza cha kuuliza tu, hakuna masomo ya kukariri, mtu anauliza maswali yake na anasikia juu ya Yesu. Alafu ukatekumeni wenyewe, yaani wakati wa mafundisho kabla ya batizo. Alafu kwaresima ya kujitakasa, alafu pasaka, na hata baada ya batizo kuna wakati wa kuendelea kuonja kile alichopokea. Zamani Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha Wamisionari wa Afrika mwaka 1868, wale tuliowaita Mapadri Weupe, aliwaamuru wasibatize haraka, mtu apite miaka minne ya maandalizi. Watu wengi walimwona mkali. Lakini ndani ya miaka minne mwalimu wa dini alikuwa anajua kwako, anajua mke wako, anajua unafanya nini ukikasirika. Sisemi mrudie miaka minne. Nasema kile kipindi cha kwanza, cha kuuliza, kwenu hakipo kabisa, mgeni anatoka barabarani moja kwa moja anaingia kwenye darasa la kukariri.

Kwa hiyo chagueni watu, msichague komite. Kila shirika itoe wawili, mwanaume na mwanamke, watu wenye masikio na wanaotunza siri, haijalishi kama hawajui kuhubiri. Kazi yao jumapili ni kukaa nyuma, kule karibu na mlango ambako wageni wanasimama. Katika misa yetu ya desturi za Zaire, ile Roma ilikubali mwaka 1988, tuko na mtangazaji anayekaribisha watu kabla misa haijaanza, na wengi wanamtumia kusema tu nia za misa. Atumie ule wakati kusema wageni wako na mtu wa kuwaona, huyu na huyu, wako pale nyuma. Mimi napenda hiyo kuliko ile ya kumsimamisha mgeni ajitambulishe watu wapige makofi. Kuna wanaopenda, ndiyo, lakini huku kwetu na hii vita kuna mtu hataki kila mtu ajue ametoka wapi na jina lake ni nani, na mwingine anaona haya sababu ya nguo. Muulize taratibu baada ya misa. Chukua namba kama anakubali. Na unite (vocha ya simu) ya kumwita katikati ya wiki parokia itoe, ni franga kidogo sana kuliko mabafle.

Na nguo nimeitaja si bure. Somesheni komite yenu Yakobo sura ya 2, pale mwenye pete ya dhahabu anaambiwa keti hapa mahali pazuri na maskini anaambiwa simama kule au keti miguuni pangu. Alafu angalieni viti vya mbele kwenu siku ya siku kuu vinawekewa nani.

Kuhusu mlango kwa mlango: Wakatoliki tunafanya, toka zamani. Legio ya Maria, chama cha walei Wakatoliki, ilianza Dublin mwaka 1921 na kazi yake kubwa ni hiyo, kutembelea watu wawili wawili, na wanalegio mnao parokiani, waulizeni. Swali ni unaingia nyumba ya mtu kama nani. Someni Luka 10. Yesu anawatuma wawili wawili bila mfuko, neno la kwanza ni "Amani iwe nyumbani humu", alafu anawaambia wakae mule, wale na kunywa walichopewa. Ona vile alivyopanga, yule anayehubiri ndiye mgeni, ndiye anayekaribishwa kwanza! Sisi tunataka kila mara kuwa wenye nyumba na watu wengine wawe wageni wetu. Kwa hiyo ukiingia kwa mtu kule Cahi au Nyamugo, kaa, ukipewa chai kunywa hata kama haina sukari, uliza habari za watoto, sikiliza. Usitoe karatasi. Usiulize anasali wapi kama sentensi ya kwanza. Akiwa wa CEPAC au wa CELPA, yale makanisa ya Kiprotestanti, au ndugu Muislamu, msalimie, muombee amani, usimwambie kanisa lake ni la uongo, ju mtu unayemtukania mama hawezi kusikia habari yako njema. Akiuliza mwenyewe kwa nini wewe unaamini, hapo Petro anatuambia tuwe tayari kujibu juu ya tumaini tulilo nalo, lakini kwa upole na heshima. Jibu kwa maisha yako. Sema kile Bwana alikufanyia, dakika mbili, ukimaliza nyamaza.

Kwa vijana sitakudanganya kwamba kuna njia fupi. Wanaoenda uamsho wengi hawakuvutwa na muziki peke yake, walienda sababu huko mtu aliwawekea mikono na kuwaombea kwa jina juu ya ile kazi wanayokosa na ule ugonjwa usioeleweka. Sisi tuko na mpako wa wagonjwa, tuko na kitubio, tuko na baraka, ila kijana hajui padri anapatikana saa ngapi. Andikeni saa za kitubio mlangoni, na zifuatwe. Wekeni jioni moja ya kuombea wagonjwa. Alafu wapeni kazi ya kweli, si kubeba viti tu. Bukavu ndiyo ilizaa Xaveri, chama cha vijana Wakatoliki, mwaka 1952, vijana kufundisha vijana wenzao, ni urithi wenu, na bado inaweza. Waelezeni juu ya Mwenyeheri Floribert Bwana Chui wa Goma, kijana wa miaka 26, kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa mpakani, alikataa pesa ili asipitishe chakula kilichooza kwa watu, wakamuua mwaka 2007, na mwezi wa sita 2025 alitangazwa mwenyeheri kule Roma. Jioni zake alikuwa anawapa maibobo, wale watoto wa barabarani, pamoja na wenzake wa Sant'Egidio, jumuiya ya walei Wakatoliki. Kijana akisikia kwamba imani ni kukataa rushwa pale Ruzizi, ataona parokia inaongea juu ya maisha yake.

Kuna kundi lingine hamkulitaja na mimi nalitaja sababu liko kubwa kwenye kila avenyu: wale wanaokaa pamoja bila ndoa, "yaka tofanda". Kijana hajamaliza ng'ombe za wakwe, miaka inapita, watoto wanne, hawakomuniki (hawapokei Ekaristi), na kidogo kidogo wameacha kuja kabisa ju wanajiona wamefukuzwa. Hawakufukuzwa. Wanaweza kuja misa, wanaweza kupokea shirika nyumbani kwao, na watoto wao wanaweza kubatizwa, sheria inaomba wazazi wakubali na kuwe na tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa katika imani, na hilo tumaini shirika inaweza kulibeba pamoja nao. Mtu aende awaambie hivyo kwa mdomo. Alafu wazee wa shirika wenye busara waende kwa wakwe kuongea juu ya zile ng'ombe, nimeona ndoa nyingi zikifungwa sababu tu mzee mmoja alikubali kwenda kubembeleza.

Nikirudi kwa mabafle, Mama, msiyauze. Yapelekeni kwenye matanga. Hapo ndipo mtaa wote unakutana, Mkatoliki, Mprotestanti, Muislamu, asiyesali kokote, na wote wanaangalia nani amekuja na amekuja na nini. Askofu wetu Mkuu Munzihirwa, yule aliyeuawa pale Nyawera tarehe 29 Oktoba 1996, watu wa Bukavu hawamkumbuki ju ya mahubiri peke yake, wanakumbuka kwamba alisimama upande wa wakimbizi wakati kusema ivo kulikuwa hatari, na kwamba mji ulipokuwa unakimbia yeye alibaki. Basi parokia ibaki. Shirika ikuje na kuni, na maharagwe, na viti, na mabafle bila kulipisha, hata kama marehemu hakuwa na karte, hata kama alikuwa wa kanisa lingine na jamaa wanataka tu watu wa kuimba nao usiku. Siku ya tatu watu wakiisha kuondoka, wale wawili wa shirika warudi kwa mjane, wamsaidie kuosha masufuria na kurudisha viti kwa wenyewe. Hapo hawahitaji kumwalika, waseme tu shirika inakutana alhamisi saa kumi kwa mama fulani, na kama miguu yake imechoka, alhamisi hiyo shirika itakuja kwake.

Anzeni na shirika mbili tatu tu, zile ambazo wazee wao wanapenda, kabla ya kwaresima. Nyingine zitaona.